Maji ya Kigoma kwenye tangi la Tabora: shajara ya kutengeneza alkali nyumbani

Jumapili, 4 Agosti 2024: Kuanza

Niliishi Kigoma miaka tisa kabla ya kuhamia Tabora, na nilichokikosa kuliko vyote ni wale samaki wadogo wa kwenye mawe. Pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, asubuhi kabla upepo haujaamka, ukiinama juu ya maji unawaona wakilinda kila mmoja jiwe lake kama mtu na kiwanja chake. Nimeamua kuwafuga hapa nyumbani. Tangi limeshatengenezwa na fundi wa vioo na aluminiamu: sentimita 90 kwa 45 kwa 50, kioo cha milimita 8. Nikishaweka mchanga na mawe linabaki na nafasi ya maji lita 170. Sikukadiria kwa rula, nilihesabu ndoo za lita 20 nikijaza: nane na nusu. Naomba anayetaka kufuata kazi hii afanye hivyo hivyo, maana kila hesabu itakayofuata inategemea namba hiyo.

Kazi yenyewe iko kwenye maji. Rafiki yangu wa Kibirizi alichota maji mbali kidogo na ufuko, akajaza dumu la lita 5 mpaka mdomoni bila kubakiza hewa, akalipakia kwenye basi. Jana usiku nililipima pamoja na maji ya bomba letu. Kipimo changu ni cha matone: unatia tone moja moja kwenye kichupa cha maji, unatikisa, unahesabu mpaka rangi igeuke kutoka bluu kuwa njano. Kila tone ni digrii moja ya alkali, yaani kiasi cha kaboneti na bikaboneti zilizoyeyuka majini, zile zinazozuia maji yasigeuke asidi. pH ni namba ya kuonyesha maji yameegemea wapi: chini ya 7 ni upande wa asidi, juu ya 7 ni upande wa pili.

Maji ya Kibirizi: matone 17, pH 8.9.
Maji ya bomba Tabora: matone 3, pH 7.6.

Tofauti hii ina sababu zake. Siku hizi bomba la Tabora linatoa maji ya Ziwa Victoria, na ziwa lile sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, kwa hiyo ni maji mepesi. Tanganyika maji yake mengi hutoka kwa kupanda hewani kama mvuke, mto Lukuga, ndio pekee unaotoa maji ziwani, unachukua kidogo tu. Mvuke unaondoka, madini yanabaki. Juu ya hayo mto Ruzizi unaliletea maji ya Ziwa Kivu yaliyosheheni madini. Samaki wa kule wameumbika kwa maji hayo. Kuwaweka kwenye digrii 3 ni kuwatesa, na mimi sitaki kuwatesa.

Kwa hiyo lazima niongeze digrii 13 au 14, na niwe na uwezo wa kurudia hilo kila ninapobadilisha maji, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa mjini. Unga wa kopo unaouzwa ng'ambo kwa kazi hii siwezi kuumudu, na nikiusoma maelezo yake naona ni vitu vya jikoni vilivyofungwa vizuri.

Jumapili, 11 Agosti: Malighafi

Mapishi nimeyachukua kwa watu wanaofuga matumbawe ya bahari kwenye matangi. Wao hutumia bikaboneti ya sodiamu, ile inayoandikwa baking soda kwenye paketi, na wengi huipika kwanza ikawa kaboneti. Bahari ina alkali ya digrii 7 hivi tu, chini ya nusu ya Tanganyika. Ila matumbawe yanaila alkali kila siku yakijenga mifupa yake ya chokaa, ndiyo maana wafugaji wake wanaongeza kila kukicha. Samaki wangu hawajengi chokaa. Mimi nahitaji kupandisha mara moja na kulinda.

Hesabu ya kushika: kupandisha lita 100 kwa digrii moja unahitaji gramu 3 za bikaboneti. Lita 170 kwa digrii 13 ni gramu 66.

Nilipoteza siku mbili kwenye duka la kwanza. Niliomba bikaboneti, nikapewa kopo. Nilipima gramu 6 nikakoroga kwenye ndoo, maji yakatoa povu jepesi halafu yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, na kesho yake chini kulikuwa na tope laini. Ilikuwa baking poda. Ile ina bikaboneti ndani yake, lakini ina asidi ya kuifanya iumuke na wanga wa kuikausha. Asidi inaila alkali unayoitaka na wanga unaoza kwenye tangi. Soma paketi mpaka mwisho: kama kuna kitu kingine zaidi ya bikaboneti ya sodiamu, rudisha.

Mama mmoja sokoni alinishauri kwa moyo mwema: "Mwanangu, si uchukue magadi tu? Hayo ndiyo tunapikia maharage, na bei yake ni rahisi." Nilinunua fungu la shilingi 500. Magadi ya mawe ni kaboneti na bikaboneti kwa pamoja, kwa hiyo kinadharia yanafaa kabisa. Nilisaga, nikayeyusha, nikachuja kwa kitambaa cha kanga mara tatu. Udongo mwekundu ulibaki kwenye kitambaa, lakini maji bado yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Alkali ilipanda kweli. Lakini magadi ya asili huwa na floridi, na kila jiwe lina kiasi chake cha chumvi nyingine, kwa hiyo gramu 10 za leo si gramu 10 za wiki ijayo. Nimeyaweka pembeni.

Bikaboneti safi nimeipata kwa wanaouza vifaa vya kuokea mikate karibu na soko kuu, kilo moja shilingi 6,000.

Jumapili, 18 Agosti: Kupika

Nimefuata mapishi ya matumbawe: bikaboneti inapashwa moto kama nyuzi 150 kwa saa nzima, inatoa mvuke na hewa ukaa, inabaki kaboneti. Kipimo cha kujua imeiva ni uzito. Gramu 500 zikiiva zote zinabaki kama 315.

Mara ya kwanza nilitumia sufuria ya aluminiamu kwenye jiko la mkaa. Unga ulianza kuchemka kama uji mzito ingawa hauna maji, vivimbe vidogo vinapasuka na kutoa pumzi, ni kitu cha kutazama. Baada ya saa nzima nilipima: gramu 402. Haikuiva katikati kwa sababu niliirundika badala ya kuitandaza. Baya zaidi, chini ya sufuria kulikuwa na weusi ulioliwa, na unga ulioshika pale ulikuwa wa kijivu. Kaboneti yenye joto na unyevu inakula aluminiamu. Unga wote niliutupa, maana sitaki aluminiamu kwenye maji ya samaki, na sufuria nimemnunulia mke wangu nyingine, shilingi 12,000.

Mara ya pili niliomba nafasi kwenye tanuri la jirani anayeoka mikate, baada ya mikate kutoka. Sinia la chuma cha pua, unga umetandazwa unene wa kidole kimoja, saa moja na robo, unageuzwa mara mbili kwa mwiko wa mbao. Gramu 500 zikawa 317. Imeiva.

Jumapili, 25 Agosti: Tangi lisilo na samaki

Nashukuru nilianza bila samaki.

Gramu 42 za unga uliopikwa zinatosha digrii 13 kwa lita 170. Niliyeyusha kwenye jagi, nikamimina taratibu mbele ya mkondo wa pampu. Baada ya dakika kumi maji yalipata ukungu mweupe: kile kidogo cha kalisi kilichokuwa kwenye maji ya bomba kiligeuka chokaa. Alkali ilisoma 15. Lakini pH ilipita rangi ya mwisho ya kipimo changu, ile ya zambarau iliyokoza, yaani zaidi ya 9 kwa mbali. Maji yale yanaunguza mashavu ya samaki.

Nilitaka kutia siki ili kuishusha, nikashika jagi, nikaliweka chini. Siki ingeishusha pH kwa kuiua ile alkali niliyohangaika nayo wiki tatu. Nikaamua kuacha pampu ya hewa ifanye kazi na kupima kila asubuhi.

Jumamosi, 31 Agosti: Hewa ndiyo inayoamua

Hiki ndicho nilichojifunza kikubwa kuliko vyote hadi sasa, na nakiandika kirefu kwa sababu sikukiona kimeelezwa vizuri mahali popote nilipotafuta.

Wiki nzima sikutia kitu ila hewa. Jumatatu pH ilikuwa bado juu ya kipimo. Jumatano 9.2. Ijumaa 9.0. Leo 8.9. Alkali haikusogea, ni 15 ile ile.

Wakati huo huo nilikuwa nimejaza ndoo ya lita 20 maji ya bomba, nikatia gramu 8 za bikaboneti mbichi, ile isiyopikwa, na jiwe la hewa, kile kijiwe cha pampu kinachotoa mapovu. Siku ya kwanza pH yake ilikuwa 8.2. Nilidhani itabaki hapo, kwa sababu kila mahali wanaandika kwamba bikaboneti inakwama kwenye 8.2 au 8.3. Haikukwama. Jumatano 8.6, Ijumaa 8.8, leo 8.9.

Moja ilishuka, nyingine ikapanda, zikakutana pale pale yalipo maji ya Kibirizi. Sababu ni hewa ukaa. Maji yenye alkali nyingi yanavuta au kuachia hewa ukaa mpaka yalingane na hewa iliyo juu yake. Unga uliopikwa una upungufu wa hewa ukaa, kwa hiyo maji yanaivuta na pH inashuka. Unga mbichi una ziada, kwa hiyo maji yanaiachia na pH inapanda. Kikomo chake kinategemea alkali yenyewe na hewa ya chumba, hakitegemei unga ulianza ukiwa wa aina gani. Kwa alkali ya digrii 15 hadi 17 na hewa safi, kikomo hicho ni karibu na 9. Ziwa nalo liko hivyo kwa sababu hiyo hiyo: upepo unalipuliza mchana kutwa.

Kwa tangi la aina yangu, basi, kupika hakuna faida. Wenye matumbawe wana sababu zao: bikaboneti ikiwa mbichi lita moja ya maji inabeba gramu 90 na ushee tu, ikipikwa inabeba zaidi ya mara mbili, na wao wanataka chupa nzito ya kudondoshea kila siku. Tena wengi wanapambana na pH iliyo chini kwenye nyumba zao zilizofungwa. Mimi naandaa ndoo nzima usiku mmoja au mbili kabla, natia unga mbichi, naacha hewa ipite. Tanuri, sinia na saa zile zote sizihitaji tena. Unga uliopikwa uliobaki nimempa jirani wa mikate, anausafishia masinia yake ya chuma.

Pima alkali. pH utaikuta imejipanga yenyewe.

Jumapili, 8 Septemba: Chupa moja haifai

Alkali peke yake si Tanganyika. Ugumu wa maji yale unatokana zaidi na magnesiamu, kama miligramu 40 kwa lita, na kalisi ni kidogo, kama 10. Magnesiamu nimeipata kwenye duka la pembejeo: chumvi ya haluli ya shambani, wanayouza kwa wakulima, shilingi 4,500 kwa kilo. Kaka wa dukani alinihakikishia ni ile ya kuyeyuka majini, si ya kutawanya shambani ikiwa imechanganywa na vitu vingine. Hilo ulizeni.

Nikafanya kosa la kutaka kurahisisha. Nilichukua chupa ya lita moja na nusu, nikatia chumvi ya haluli na salio dogo la unga uliopikwa nililokuwa nimebakiza, ili niwe na dawa moja ya kumimina. Hapo hapo chupa ikawa nyeupe kama maziwa, na baada ya saa mbili theluthi moja ya chupa ilikuwa tope. Magnesiamu na kaboneti zikikutana zikiwa nzito zinashikana na kuzama. Nilichomwaga nje kilikuwa ndicho nilichotaka kiingie tangini.

Tangu leo ni vyombo viwili: bikaboneti peke yake, chumvi ya haluli peke yake, na vinaingia kwenye ndoo iliyojaa maji kwa kupishana nusu saa. Kwenye maji mengi hazishikani.

Kiasi cha magnesiamu nimeweka nusu ya ziwa, miligramu 20 kwa lita. Chumvi ya haluli inakuja na salfeti, na ziwa lina salfeti kidogo sana. Nikijaza magnesiamu yote kwa njia hii nitawapa samaki salfeti ambayo hawajaizoea. Naona nusu ni mahali pa kusimama. Naongeza pia chembe ya chumvi ya Uvinza, gramu moja kwa ndoo, kwa ajili ya kloridi. Nilifurahi kwamba kitu kimoja kwenye mapishi haya kinatoka mkoani Kigoma kwenyewe. Potasiamu sijaigusa.

Jumapili, 15 Septemba: Kipimo kilinidanganya

Tangi lilianza kusoma 18 bila mimi kuongeza kitu. Nilibadilisha theluthi ya maji, likasoma 17. Hesabu za gramu zilisema lazima liwe 15.

Nikatafuta njia ya kukipima kipimo. Mvua hakuna mwezi huu, kwa hiyo nilinunua lita 10 za maji yaliyotoneshwa kwa wauza betri, shilingi 10,000, nikatia gramu 3 kamili za bikaboneti. Maji hayo ni digrii 10, hakuna mjadala. Kipimo changu kilihesabu matone 12. Kilikuwa kimekaa dirishani wiki mbili juani, nadhani dawa yake ikaharibika.

Niliagiza kingine kutoka Dar es Salaam, shilingi 48,000 pamoja na basi. Kikahesabu 10. Hivi sasa kinakaa kabatini, ndani ya bati la biskuti. Yale maji ya digrii 10 nimeyafunga kwenye chupa na kuandika tarehe, nayapima kila mwezi kabla ya kupima tangi. Yanayosomwa kwenye kurasa hizi baada ya leo ni kwa kipimo kipya. Masomo ya Agosti yaliyo juu nimeyaacha yalivyo, maana wakati ule kipimo kilikuwa bado kizima: dumu la Kibirizi nimelipima tena kwa kipimo kipya, likarudi 17.

Jumapili, 27 Oktoba: Samaki walifika, watatu wakafa

Kwa wiki sita tangi liliivishwa, yaani liliachwa liote bakteria wa kusafisha maji, kwa sponji kuukuu ya tangi kutoka kwa rafiki. Alkali ilishuka kutoka 15 hadi 14, kwa sababu bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitreti wanatoa asidi. Hilo ni la kawaida: naitreti ikipanda miligramu 50 kwa lita, alkali inashuka digrii mbili na kidogo.

Samaki nilinunua Kigoma kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni: wanane, *Neolamprologus brevis*, wale wanaokaa kwenye makombe ya konokono, dume na jike kombe moja. Walisafiri kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa, ndani ya boksi la povu gumu lililofungwa blanketi, kupitia Uvinza na Urambo. Walikuwa njiani saa kumi na tatu. Walifika hai wote wanane.

Nikafuata ushauri unaorudiwa kila mahali: usiwashtue, uwazoeshe polepole. Nilifungua mifuko, nikawaweka kwenye beseni na maji yao, nikatia jiwe la hewa, nikadondosha maji ya tangi kwa mpira mwembamba kwa saa moja na nusu. Baada ya dakika arobaini wa kwanza alianza kuhema juu juu. Mmoja akalala ubavu, mkia unatetemeka. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, akasema, "Mjomba, anaomba maji." Nilidhani ni uchovu wa safari. Mpaka naamka kitandani asubuhi, watatu walikuwa wamekufa.

Nimelitafakari hili wiki nzima, na sababu ni hii. Samaki wakiwa mfukoni wanatoa amonia, lakini wanatoa pia hewa ukaa, na hewa ukaa inashusha pH. Kwenye pH ya chini amonia iko katika sura isiyo na madhara makubwa. Nilipofungua mifuko na kupuliza hewa, hewa ukaa ilitoka. Maji yale yalikuwa ya ziwa, yenye alkali nyingi, kwa hiyo pH yake iliruka kuelekea 9. Kwenye pH 7.5 sumu ni kama asilimia 2 tu ya amonia yote; kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Yaani niliwaacha saa moja na nusu kwenye sumu, nikidhani nawahurumia.

Alkali niliyoitengeneza kwa miezi mitatu haikuwaua. Lakini ile tabia ya hewa na pH niliyoandika tarehe 31 Agosti ilikuwa mbele ya macho yangu, na sikuiona ilipohama kutoka kwenye ndoo kuingia kwenye beseni.

Jumapili, 24 Novemba: Safari ya pili

Nimenunua watatu wengine. Safari hii mifuko iliyofungwa ilielea tangini dakika ishirini ili joto lilingane. Halafu nilifungua mmoja mmoja, nikamnyanyua samaki kwa wavu mara moja kuingia tangini, maji ya mfuko yakaenda kwenye mgomba. Bila kudondosha, bila jiwe la hewa. Hii inawezekana kwa sababu alkali ya tangi na ya ziwa vinakaribiana sana; kazi ya kuwazoesha ilishafanywa na unga.

Wote watatu wazima. Baada ya siku mbili mmoja alishachagua kombe na kulizika mchangani mpaka ukabaki mdomo tu wa kombe nje.

Jumapili, 15 Desemba: Jiko la mkaa

Mvua zimeanza, na pH ikaanza kushuka kila jioni. Asubuhi 8.8, saa mbili usiku 8.4. Alkali 15, haikusogea, kwa hiyo sikutia kitu. Nikajua ni hewa.

Mvua ikinyesha tunahamishia jiko ndani, madirisha yanafungwa kwa sababu ya mbu. Mkaa unajaza chumba hewa ukaa, na maji ya tangi yanavuta. Nilitoa mpira wa kuingizia hewa wa pampu nje ya dirisha, mita mbili, shilingi 2,000, pampu ikaanza kuvuta hewa ya nje. Jioni iliyofuata pH ilisoma 8.7.

Lakini nilikaa mbele ya tangi usiku ule nikafikiri: samaki nimewatolea mpira nje, na watoto wangu wanalala chumba kile kile. Mkaa hautoi hewa ukaa peke yake, unatoa pia ile hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kesho yake nilimwita fundi akajenga kibanda kidogo cha bati nyuma ya nyumba, shilingi 85,000. Jiko halijaingia ndani tena. Gharama hii siiweki kwenye hesabu ya tangi.

Jumapili, 19 Januari 2025: Ndoo ya kila wiki

Kwa anayetaka kufuata, hivi ndivyo ninavyobadilisha maji. Ndoo mbili za lita 20 kila Jumapili. Zinaandaliwa Ijumaa jioni ili klorini ya bomba itoke na hewa ipate siku mbili za kufanya kazi. Kila ndoo: bikaboneti gramu 8, nusu saa baadaye chumvi ya haluli gramu 4, chumvi ya Uvinza gramu 1. Maji yako yakisoma tofauti na 3, badilisha gramu za bikaboneti: digrii moja kwa ndoo ni gramu 0.6. Tumia mzani mdogo wa sonara, si kijiko. Nilipima vijiko vitano vya chai vya bikaboneti, cha kwanza kilikuwa gramu 4, cha tano gramu 6.

Gharama mpaka leo kwa upande wa alkali tu: mzani 25,000; vipimo viwili vya matone 92,000; bikaboneti kilo mbili 12,000; chumvi ya haluli 4,500; maji yaliyotoneshwa 10,000; sufuria 12,000; baking poda na magadi 3,500. Jumla 159,000. Bila makosa ingekuwa kama 90,000. Baada ya hapo ndoo moja inagharimu chini ya shilingi 80.

Jumapili, 16 Februari: Dumu la pili

Juzi umeme ulikatika kuanzia saa kumi jioni mpaka asubuhi, pampu ikasimama. Mpwa wangu alichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya robo saa mpaka usiku wa manane, halafu nikampokea. pH ilishuka hadi 8.5, alkali haikuyumba, hakuna aliyekufa.

Leo asubuhi dumu jipya limefika kutoka Kibirizi. Tuliweka vichupa viwili mezani, cha ziwa na cha tangi, mpwa akatia matone kwenye cha ziwa na mimi kwenye cha tangi, tukihesabu kwa sauti. Changu kiligeuka njano kwenye tone la 16. Chake kikabaki na bluu hafifu, akatia moja zaidi.

Wiki ijayo tunajaribu gramu 8.5 kwa ndoo.